Anasikia Nusu, Shoo Anaziona Zote

Siku ile uwanja wa mpira Bugarama ulikuwa nyomi. Kiingilio buku tano, VIP buku kumi, na hiyo VIP yenyewe ni viti vya plastiki vilivyozungushiwa kamba. Msanii katoka Dar, jina kapuni. Tangazo lilisema saa mbili usiku, yeye kapanda jukwaani saa tano, lakini nani alijali? Taa zikawaka, moshi ukapulizwa, spika zikaanza kutetemesha vumbi, watu wakapiga kelele mpaka mbwa wa kijiji kizima wakajibu.

Katikati ya mzuka wote ule kulikuwa na jamaa mmoja kasimama mikono mfukoni. Wimbo wa kwanza haujaisha, akamgusa mshikaji wake begani.

"Huyu haimbi."

Mshikaji akacheka sana. Akamsogelea sikioni kabisa, akapaza sauti: "We mwenyewe husikii, utajuaje mtu haimbi?"

Wimbo wa tatu msanii akawageuzia mashabiki maiki ili waimbe wao, ile staili ya kila mtu siku hizi. Mkono uko hewani, mdomo umefungwa, na sauti yake inaendelea kutoka kwenye spika freshi kabisa kama vile hakuna kilichotokea. Pleibeki. Waliokuwa mbele wakazomea kidogo, wa nyuma wakaendelea kucheza. Jamaa hakusema neno, aliinua nyusi tu.

Siri yake ni shingo. Mtu akiimba kweli, shingo inafanya kazi, mishipa inatoka, tumbo linaingia na kutoka, na kabla ya mstari mrefu lazima bega lipande kidogo kuvuta pumzi. Anayefuatisha pleibeki anapumua kama mtu anayesubiri basi stendi. Wewe na masikio yako mazima unadanganywa na spika. Yeye spika haimdanganyi, kwa sababu ameshaacha kuitegemea.

Ana miaka 27. Kamaliza kidato cha nne, kaingia duarani na wanaapolo kwa miezi kadhaa, kifua kikamgomea, akahamia karasha. Huko ana mwaka wa sita sasa. Karasha, kwa ambao hawajawahi kufika huku ukanda wa dhahabu, ni mashine ya kusaga mawe. Mawe yanakuja kwenye viroba, yanapondwa, yanamiminwa kwenye pipa la chuma lenye gololi za chuma ndani, pipa linazungushwa mpaka mawe yawe unga, na unga ndio unaokwenda kuoshwa kutafutwa dhahabu. Sasa piga picha chuma kinagonga chuma, ndani ya chuma, kutwa nzima, na pembeni kuna makarasha mengine yanayofanya vilevile. Pale watu hawaongei. Wanaonyeshana vidole: viwili maana yake leta viroba viwili, mkono shingoni maana yake zima mashine.

Mwanzoni masikio yalikuwa yanalia tu usiku, kama chenene kaingia chumbani. Asubuhi yanatulia. Baadaye yakawa hayatulii. Akaanza kugombana na watu kwamba wanaongea kwa kutafuna maneno. Muuza duka akimtajia bei anajibu kingine. Alipokwenda kupima Kahama, daktari akamweleza kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: kelele haiui sikio lote kwa mkupuo. Inaanza na sauti nyembamba. Ndege wanaondoka mapema, mlio wa simu unafuata, na kwenye maneno zinaondoka zile herufi za upepo, "s", "f", "sh". Sauti nene zinabaki hadi mwisho. Ndiyo maana anasikia kwamba mtu anaongea, ila hapati anachosema. Daktari akamwambia pia kwamba ikifika desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, hapo masikio yanahesabiwa kuwa hatarini, na karasha linapita hapo bila kupiga hodi. Kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, akitaka.

Akarudi Bugarama, akanunua pamba, akajaza masikioni, akaendelea na kazi. Unacheka? Kodi ya chumba inasubiri mwisho wa mwezi, haina habari na desibeli.

Sasa mtu wa namna hii ungetegemea aachane na burudani, abaki na mpira kwenye TV. Wapi. Ndiyo kwanza kaongeza kasi. Hakuna kinachofanyika kwenye uwanja, kanisa au shule ya Bugarama na vijiji jirani ambacho kinampita. Akirudi nyumbani anaandika status, mistari sita au saba, anasema kilichomgusa na kilichomboa. Hajasomea sanaa popote. Lakini wapo watu wanaosubiri status yake ndipo waamue kama walipoteza hela au la.

Na hana upendeleo. Dada yake anaimba kwaya, soprano. Krismasi kwaya ilitoka na wimbo mpya, wameufanyia mazoezi wiki tano, sare mpya za kitenge, kila kitu. Jamaa akaandika kwamba sare zilikuwa nzuri sana. Basi. Dada mtu akasoma, akaelewa, hakumsalimia mpaka mwaka mpya. Alipoona kimya kinazidi, akamfuata jikoni akamwambia ukweli wote: soprano sasa zimeshamtoka, kwenye ule wimbo yeye aliona midomo tu, angeandika nini? Dada akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akasema, "Kaka, ungesema hivyo tangu mwanzo."

Igizo la Krismasi alilipenda lakini. Herode alikuwa fundi baiskeli, kavaa pazia la zambarau, na kila akikasirika anapiga mguu chini mpaka ubao wa jukwaa ukaachia msumari. Jamaa aliandika kwamba Herode yule alisikika hadi mifupani.

Kinachomkosha kuliko vyote ni ngoma. Hapo ukimgusa hamwishi leo.

Vijana wengi wanaijua ngoma ya Kisukuma kwenye harusi na kwenye video za mitandaoni, wanadhani ni watu kuvaa manyoya na kurukaruka. Hawajui kwamba ni ligi, na ni ya muda mrefu kuliko Simba na Yanga. Kuna Bagika na kuna Bagalu. Simulizi zinasema ilianza karne ya 19 na watu wawili, Ngika na Gumha, wote wachezaji, wote waganga, wakishindana nani mwenye dawa kali zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mpaka leo kuna familia ambazo huulizi ni wa upande gani, unazaliwa nao. Babu yake mzaa mama alikuwa wa Bagalu, kwa hiyo kesi imeisha.

Mashindano yenyewe yanakuja baada ya mavuno, kiangazi kimeingia, watu wana chakula ndani na muda wa kukaa. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, wakati mmoja. Sio kwamba hawa wanacheza halafu wale wanasubiri zamu. Wanacheza wote kwa pamoja, kila kundi na ngoma zake na manju wake, na watazamaji wako katikati wanatembea. Ukivutiwa na huku unakuja huku. Wakichemka unahama. Mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna kupiga kura kwa SMS. Kura ni miguu yako.

Ndiyo maana kila kundi linatafuta kitu cha kukuvuta. Huyu anatoka na chatu mzima, anamvaa shingoni, anamlaza chini, anacheza naye. Yule ana kichekesho, kajifanya mzee mlevi. Bugobogobo wanatoka na majembe, maana ile ni ngoma ya wakulima, ngoma ya kulimia, na jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa kwa mpigo bila mtu kuliangalia. Hapo katikati unaona umati unamwagika kutoka upande huu kwenda ule kama maji kwenye beseni lililoinamishwa, akina mama na watoto mgongoni, wazee na vigoda vyao, bodaboda na wateja wao.

Kwa jamaa huyu, hiyo ndiyo burudani pekee ambayo haijampunguzia kitu. Ngoma kubwa ni sauti nene. Sauti nene ndiyo aliyobakiwa nayo. Anavua viatu, anasimama hatua tatu kutoka kwa mpigaji, mdundo unaingia kupitia nyayo, unapanda magotini, unafika kifuani. Akiwa pale, anasema, hana tofauti na mtu yeyote. Na maneno ya manju je? Anamwangalia mzee aliye mbele yake. Mzee akicheka, anajua kuna mtu katajwa.

Kuna mwaka alikusanya nauli akaenda mpaka Bujora, Kisesa, nje ya jiji la Mwanza, kwenye Bulabo. Aliondoka alfajiri, akapitia Geita na Sengerema, enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi bado linajengwa, watu wanavuka kwa kivuko na foleni yake. Bulabo ni mwezi wa 6, inakwenda pamoja na sikukuu ya Ekaristi. Ukiuliza imekuwaje kanisa na ngoma ya Bagika na Bagalu vikae uwanja mmoja, utaambiwa habari za Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye miaka ya 1950 alijenga pale Bujora na badala ya kukimbiza ngoma akaikaribisha ndani. Makumbusho ya Wasukuma yako palepale, na sehemu ya ngoma ina mambo ya pande zote mbili. Jamaa aliingia, akaangalia ngoma za watemi zimepangwa kimya, akatoka upesi. Aliandika status moja tu kuhusu makumbusho: kwamba ngoma iliyonyamaza inamtia hofu.

Nje alikaa siku mbili. Jioni ya siku ya pili Bagalu wakashindwa vibaya, umati wote umehamia kwa wenzao, kabaki yeye na watoto kadhaa na mbuzi. Hakuhama. Sheria inasema fuata kinachokuvuta, na yeye hakuvutwa, alikuwa anamfikiria babu. Hata mpigaji ngoma alimwangalia kama anayeuliza, "Wewe vipi?"

Haya, tuje kwenye mahafali, maana hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Shule moja ya sekondari ya jirani ilikuwa na mahafali ya kidato cha nne. Ratiba ni ile ile unayoijua: maandamano, risala, ngonjera, sarakasi kidogo, mgeni rasmi kaahidi mifuko ya saruji, halafu igizo. Mwaka huo wanafunzi wakaamua kufanya Ngoswe.

Kama umepita sekondari Bongo, huna haja ya kuelezwa. *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, tamthiliya ya Edwin Semzaba, ile ambayo vizazi na vizazi vimeisoma pamoja na *Orodha* na *Kilio Chetu*. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, badala ya kuhesabu anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, mzee Ngengemkeni Mitomingi. Mwisho wake karatasi za sensa zinachomwa moto. Maelfu ya watu wamethibitisha kauli kwenye mtihani kwa hoja tatu tatu kutoka kitabu hiki. Ambao wamewahi kukiona kikichezwa, uliza mtaani kwenu uhesabu.

Jamaa hakuwahi. Lakini kitabu chenyewe anakijua kuliko Baba Yetu. Enzi zake darasani kwao kulikuwa na nakala moja tu, imekatika jalada, na mwalimu alimchagua yeye awasomee wenzake. Alisoma mbele ya darasa kwa sauti mwanzo mwisho, mara nne, akibadilisha sauti: ya Ngoswe, ya mzee, ya akina mama. Wenzake walikuwa wanampigia makofi.

Siku ya igizo maiki ilikuwa moja, inapokezanwa. Upepo wa saa tisa unavuma, turubai linapiga makofi, jenereta liko karibu kuliko jukwaa. Kijana aliyecheza Mitomingi alikuwa na ndevu za pamba zilizobandikwa kwa gundi, na kila akifoka kipande kinaruka. Watu wa viti vya nyuma hawakusikia kitu. Yeye alikuwa nyuma.

Pembeni yake alikaa bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake. Bibi akamvuta shati. Hakusikia swali, aliona uso, na uso ulikuwa unauliza, "Anasemaje?" Basi akaanza kumweleza, kwa Kisukuma, maana Kiswahili cha bibi ni cha sokoni tu. Huyu ni karani kaja kutuhesabu. Huyu ni mwenye nyumba. Sasa anauliza ana wake wangapi na watoto wangapi, na mzee hataki kutaja, anaona ni nuksi. Bibi akacheka. Wa mbele wakageuka. Akina mama wawili wakasogeza viti. Baada ya muda kona nzima ilikuwa inamsikiliza yeye, naye kanogewa, anabadilisha sauti kama enzi zile, mzee mzito, Mazoea kwa aibu, kama wale jamaa wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video. Kona yao ilicheka kuliko uwanja mzima. Waigizaji wakawa wanatupia macho kule, wanashangaa wamesema nini.

Akafika mahali, anasimulia vizuri kabisa, akaona mwalimu mmoja aliyesimama karibu anamtazama kwa mshangao. Mwalimu akamwinamia. Alirudia mara mbili ndipo jamaa akasoma midomo: "Hiyo sehemu wameiruka. Muda umebana, wako mwishoni."

Akageukia jukwaa. Kweli, Mitomingi ndevu nusu alikuwa na kiberiti mkononi, na mwanafunzi mwingine kajibanza pembeni na ndoo ya maji. Karatasi za daftari zikawaka. Watu wakashangilia.

Kona yake nao wakashangilia, hawakuona tatizo lolote, wamepata hadithi yote na ziada. Bibi alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Lakini yeye alikaa kimya. Kwa sababu hakuwa anasimulia alichokuwa anakumbuka. Angeapa kwamba alikuwa anasikia. Alimwona Ngoswe anafungua mdomo na maneno yakaja, yote, pamoja na zile "s" na zile "f". Yalikuwa maneno ya kitabu, kwa sauti yake mwenyewe ya miaka kumi nyuma. Wale watoto walikuwa wanasema mambo mengine kabisa.

Siku hiyo hakuweka status.

Wiki iliyofuata alimtafuta jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodi mkubwa, akanunua kwake vile vya kuziba masikio vinavyovaliwa kichwani, vilivyotumika, elfu kumi na tano bila kupunguziwa. Alipotokea navyo karashani wenzake walikufa kwa kicheko. Wakamwita DJ. Mmoja akawa kila akipita anacheza mbele yake, anaomba wimbo. Akavumilia. Baada ya mwezi na nusu kijana mdogo kuliko wote pale, ana kama miaka 19, akamfuata wakati mashine zimezimwa akamuuliza kwa sauti ya chini vinapatikana wapi. Sauti ya chini! DJ akamwambia, "Dogo, rudia, sikukupata," na dogo akaangalia huku na huku ndipo akarudia.

Alimwomba pia mwenye karasha amhamishie upande wa kuoshea, kwenye kelele kidogo. Akaambiwa nafasi ipo ila posho ya huko ni ndogo. Mpaka sasa anapiga hesabu. Huko nako kuna zebaki, na zebaki ina mambo yake.

Bibi wa mahafali walikutana gulioni, kwenye nyanya. Ni bibi ndiye aliyemwona. Akamshika mkono, akamvuta mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa jamaa, kama vile mtu kamfundisha. Alitaka kujua kitu kimoja ambacho kinamsumbua tangu siku ile: yule binti, Mazoea, alirudi kwao au hakurudi?

DJ akaweka mfuko chini, akamsimulia upya palepale, wateja wanawapita. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mwakani mjukuu wake mwingine anamaliza, awahi mapema ashike viti vya mbele kabisa, viwili, na yeye atakuja na karanga.